Viatu vya Rangi ya Damu ya Mzee

Chebet mama,

Mama yako amekupangia sanduku mara tatu leo, na mara zote tatu amelifungua tena kuhakikisha kwamba alichokiweka bado kimo. Kwa hiyo habari ya blanketi, ya kuchemsha maji na ya kupiga simu ukifika sitaiandika. Umeshaambiwa na yeye, na umeambiwa tena na majirani ambao hawajawahi kulala nje ya Sotik. Mimi nitakuandikia juu ya nguo na viatu. Ndicho kitu pekee ninachokijua bila kufundishwa na mtu, na ndani ya habari hiyo kuna jambo nililopaswa kukuambia miaka mingi iliyopita. Nikilianza moja kwa moja nitalikimbia, najijua. Niache nilizunguke kidogo jinsi ng'ombe anavyolizunguka josho. Mwishowe huingia.

Nianze na suruali zako. Niliziona zikianikwa juzi: tatu, na kila moja ingetosha kuvaliwa na mtu pamoja na mkewe na bado ibaki nafasi ya mgeni. Mama yako aliuliza kama unaenda Nakuru kusomea uuguzi au kuwapigia watu hema. Mimi sikusema kitu, kwa sababu ninakumbuka. Nilipokuwa mdogo kule Kipkelion, baba yangu mdogo alikuwa na suruali iliyobana mapajani na kufunguka chini kama ua la malenge, ikifagia barabara yote kutoka nyumbani hadi stesheni ya reli. Wazee walisema dunia imekwisha. Dunia haikuisha, ni suruali iliyokwisha. Zikaja za kubana, na wazee walewale wakasema afadhali zile pana. Sasa zako zimerudi pana, na mzee wa kulalamika ni zamu yangu. Nimeamua kuiruka zamu hiyo.

Unajua nimekaa soko la Chepilat nikiuza viatu vya mitumba tangu kabla hujazaliwa. Kazi hii imenifundisha kwamba robota hujaa vitu ambavyo watu wa ng'ambo wamechoka navyo, na sisi tunaanza kuvitamani siku hiyo hiyo linapofunguliwa. Kuna miaka ambayo Mama Kemunto, jirani yangu sokoni anayevuka kutoka upande wa Nyamira na nguo zake, hakupata kwenye robota la jinzi ila za kubana tupu. Wasichana walizivaa wakiwa wamelala chali. Wavulana walizivaa wakirukaruka kama kuku aliyekanyaga makaa. Halafu walirudi, mmoja mmoja, kuuliza kama kuna saizi nyingine: paja linakufa ganzi, au kumetoka upele mahali pasipotajika mbele ya wateja. Kijana mmoja alilalamika kwamba anaivua kwa kusaidiwa na ndugu yake. Mama Kemunto akamwambia suruali inayohitaji watu wawili na mashahidi si suruali tena, hiyo ni ndoa.

Kisha ukaja ule mkanda wa kubana kiuno. Unamkumbuka binti wa kwaya aliyeanguka wakati wa matoleo? Nusu ya kanisa ilisema ni Roho Mtakatifu. Mama yako, ambaye ndiye aliyemfungua nyuma ya sakristia, alisema ni kulabu kumi na nane.

Siwacheki. Ningekuwa wa kuwacheka kama ile picha ya harusi yetu isingekuwa ukutani. Umekuwa ukiuliza tangu utotoni kwa nini baba amekunja uso namna ile siku ya furaha, na nimekuwa nikijibu kwamba nilikuwa nafikiria uzito wa kiapo. Nilikuwa nafikiria viatu. Vilikuwa na ncha kali kama mdomo wa korongo, vyeusi, vimeng'arishwa, na vidogo kwa saizi nzima. Kucha mbili ziliniacha mwezi huo. Watu wa upande wa mama yako walisema wamepata mkwe mtulivu, hachezi ovyo. Nisingeweza kucheza hata kwa kulipwa.

Kwa hiyo unaona, nilijua. Hilo ndilo ninalotaka ulikumbuke ukiendelea kusoma: nilijua viatu hufanya nini. Nimeshika miguu ya watu wengi kuliko padri wetu, ambaye huosha ya watu kumi na wawili kwa mwaka, siku ya Alhamisi Kuu, tena ya wazee waliokwisha kuiosha nyumbani. Mguu wa mchuma chai naufahamu hata mwenyewe akiwa amefumba mdomo: kisigino kimepasuka kwa umande, ukucha umeshika rangi ya utomvu wa majani. Mguu wa mwalimu wa kike aliyesimama miaka kumi kwenye kisigino kirefu unakuja ukiwa umeegemea mbele, kana kwamba bado unatafuta ubao. Watu hunitajia saizi jinsi wanavyotaja umri. Nami hunyamaza, naleta niliyoiona kwa macho, nao hushukuru.

Lakini kila nilipoletewa mguu kama wako, kidole gumba kimewalalia wenzake kama mtu anayemnong'onezea jirani kanisani, na kifundo kimejitokeza kando, niliutazama haraka nikatazama pembeni.

Sasa nimefika.

Leo mchana watu walipokuja kukuombea, uliona shangazi yako Rael alivyokuita uende akubariki. Alikuita kwa jina lako la kogo, jina la mama yetu, Tapkigen, jinsi anavyokuita siku zote. Uliinuka ukaenda kuchota maji ambayo hakuna aliyeyaomba. Watu walidhani hukusikia. Dada yangu si mtu wa kudhani. Alikufuata jikoni, na ulichomwambia huko alikuja kuniambia mimi nyuma ya zizi, huku akijifanya anaangalia ndama. Ulimwambia hilo jina ndilo lililokukosesha kazi ya uaskari, kwa hiyo aliache tu, huko uendako unataka kuwa Chebet peke yake. Akaniuliza jina linawezaje kumkosesha mtu kazi. Ikabidi nimweleze habari ya kidole. Ndama alichoka kuangaliwa akaenda zake.

Ndipo aliposema: "Mama hakuwa na kidole kama hicho. Na wewe unajua."

Nikamwambia najua.

"Basi mwambie kabla hajaondoka. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na mimi sitachagua maneno."

Kwa hiyo ninachagua maneno.

Chebet, ulipozaliwa akina mama walikuzunguka kama desturi yetu ilivyo, wakaanza kuita majina ya wale waliotangulia, polepole, jina baada ya jina, wakingoja upige chafya kwa jina la yule aliyerudi ndani yako. Katekista alikuwa sebuleni akinywa chai na alijifanya hasikii. Waliita wa upande wa mama yako, hukupiga. Waliita wa upande wangu, na walipofika kwa mama yangu, Tapkigen, ulipiga chafya mbili. Walipiga vigelegele hadi katekista akamwagikiwa na chai. Mama yangu alikuwa amekufa miaka miwili kabla, kule Kipkelion. Mama yako hakuwahi kumwona. Hapa tunapoishi hakuna aliyemjua isipokuwa mimi, na Rael anapokuja kututembelea. Kwa hiyo kila kitu mnachokijua juu ya kogo yako mlikipata kwangu. Nilikuwa kama lile duka moja kijijini: nauza nitakacho, kwa ubora niutakao.

Acha nikwambie sasa miguu yake ilikuwaje.

Ilikuwa mipana. Vidole vilitawanyika kama vifaranga wanaokula mtama, kila kimoja na sehemu yake, na kidole gumba kilisimama peke yake, kimenyooka kabisa, kama mwenyekiti wa kikao. Alichuma chai ya watu kwanza, kisha ya kwetu tulipopata mashina yetu machache. Asubuhi alijifunga nailoni kiunoni ili umande usimlowanishe, akajitwika kikapu mgongoni, akaingia mistarini bila kiatu. Gambuti alikuwa nazo. Alisema zinamfanya mguu kipofu. Alipanda ule mteremko wetu, wenye matope mekundu, mvua ikinyesha, na sikuwahi kumwona akiteleza. Mimi nilikuwa na viatu na niliteleza kila siku.

Nilipokuwa kidato cha pili, shule ya bweni, ilikuja siku ya wazazi. Wenzangu wengi walikuwa watoto wa walimu na wa makarani wa mashamba makubwa. Tulikaa juu ya uzio tukitazama wazazi wakiingia, na kazi yetu kubwa ilikuwa kutazama nguo na viatu, kwa sababu mtu akishuka kwenye gari kitu cha kwanza kuonekana ni kiatu. Mama yangu alikuja kwa miguu. Alikuwa na gauni lake la kijani, safi, limepigwa pasi kwa makaa. Kitambaa kichwani. Miguu ameiosha, ameipaka mafuta, inang'aa. Haina kiatu. Alibeba kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha, kwa sababu alijua ninayapenda.

Mvulana mmoja akaniuliza, "Yule ni nani yako?"

Nikasema, "Ni mfanyakazi wetu. Mama ameshindwa kuja."

Nilidhani yuko mbali. Hakuwa mbali. Alifika hadi pale uzioni, hakunitazama usoni, akaniwekea kibuyu mkononi akasema, "Mama yako anakusalimu. Ameniambia nikuletee maziwa." Kisha akageuka akaenda. Hakukaa hata kula chakula cha wazazi, ambacho siku hiyo kilikuwa wali na nyama.

Hakuwahi kulitaja jambo lile. Nilirudi likizo, akanipikia, akaniuliza habari za masomo. Nilingoja anichape, anitukane, amwambie baba. Miaka ikapita. Nilipooa, alikuwa amekwisha kufa. Mtu akikupiga, unajua deni limeisha. Yeye hakunipiga.

Ungefikiri mtu aliyefanya jambo kama hilo angeapa kwamba mtoto wake hatamwonea mtu aibu kamwe. Hicho ndicho kingekuwa kiapo cha maana. Mimi niliapa kwamba mtoto wangu hatakuwa na miguu ile.

Ulikuwa na miaka minane. Nilifungua robota moja la viatu vya watoto, na juu kabisa, kwenye ile bidhaa ya kwanza ambayo sisi wachuuzi huiita kamera, kulikuwa na viatu vya ngozi vya rangi ya damu ya mzee. Vyembamba, mbele vimechongoka kidogo, kifungo cha shaba ubavuni. Hata soli ilikuwa karibu mpya. Mtoto aliyevivaa huko kwao lazima aliendeshwa kwa gari kila mahali. Niliviweka kando kabla mteja hajaviona. Mama Kemunto aliniona. Akasema, "Baba Chebet, hivyo ni vya mtoto wa nasari. Wako ana mguu wa kufika Kisii na kurudi." Nikamwambia auze magauni yake.

Ulivipenda, hilo usilisahau. Sikukulazimisha siku ya kwanza. Ulikunja vidole ukaingia mwenyewe, ukatembea sebuleni kama bibi harusi mdogo. Mama yako alikushika mguu juu ya kiatu akasema vinakubana. Nikasema ngozi hupanuka. Alisema basi vipanuliwe kwanza. Nikavijaza magazeti yaliyolowa usiku mmoja, mbele yake, ili aone. Asubuhi nikayatoa kabla hayajakauka.

Hapo ndipo penye kosa lenyewe, mama. Mtu mwingine angekosea kwa kutojua, au kwa ufukara, na hakuna wa kumlaumu. Mimi nilikuwa na kibanda kizima cha viatu nyuma yangu. Ningeweza kukupa saizi yoyote. Sikutaka vipanuke. Niliamini, na wengi wa rika langu huku bado wanaamini ingawa hawatasema, kwamba mguu wa mtoto ukiachwa huru hutawanyika ukawa wa kuchuma chai, lakini ukibanwa mapema hukua mwembamba, ukawa wa ofisini. Kama vile kazi huangalia miguu kabla ya kuingia kwa mtu. Nilikuvalisha vile mpaka vikakataa kabisa. Kisha nikakutafutia vya shule vilivyofanana navyo, saizi ile ile ya chini, na vingine baada ya hivyo. Miaka mitatu, labda na zaidi kidogo.

Kuna jioni nilikukuta darajani umevivua, umevining'iniza mkononi, unatembea kwenye majani na vidole vyako vimefunguka. Ulikuwa unaimba. Nilikufokea. Nilikuuliza, "Unataka miguu kama ya nani?" Ulinitazama tu. Hukuwahi kumwona niliyekuwa nikimsema. Ulivivaa tena huku ukichechemea, nasi tukaenda nyumbani.

Kidole kilianza kulala ulipokuwa na miaka kumi hivi. Siku moja wanawake wa jumuiya walikuwa nyumbani kwetu, mmoja akakuona ukiosha miguu, akauliza huyu mtoto ana nini. Mama yako alinitazama. Alikuwa anajua habari ya viatu. Nami, kabla hajafungua mdomo, nikasema, "Hicho ni cha mama yangu. Si mnajua ndiye aliyerudi?"

Chebet, laiti ungeona furaha waliyoipata. Walikuita uende waangalie tena. Mmoja alishika kile kidole kama anashika mkono wa mgeni akasema, karibu tena Tapkigen. Mama yako akaniamini, au aliamua kuniamini, kwa sababu yeye angejuaje miguu ya mtu asiyemwona. Na wewe ulicheka, ukafurahi kwamba una kitu cha kogo. Nimewadanganya wateja wengi juu ya soli na gundi, lakini huo ndio uongo pekee maishani mwangu niliowahi kushukuriwa. Ndiyo maana ulidumu. Uongo unaoshukuriwa haukuumizi hadi umeshazoea kukaa nao.

Mara mbili mtoto wako anapoumwa na mguu kwenye mbio za shule, unaweza kusema ni ukuaji. Mara ya tatu unasema apumzike. Mara ya nne anaacha kukimbia mwenyewe na kujiita mvivu, na wewe unamwambia hata baba ni mvivu, ni ya ukoo. Hata uvivu niliusingizia ukoo.

Kisha ikaja siku ya kuandikisha makurutu, mwaka jana uwanjani. Ulikimbia vizuri. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba pamoja na wazazi wengine, naona kila kitu. Mliambiwa msimame safuni bila viatu. Afisa alikuangalia meno, akaangalia magoti, akashuka hadi miguuni akakaa hapo. Akauliza hiki kidole kimefanya nini. Ulisimama wima ukajibu kwa sauti ambayo sisi sote nyuma ya kamba tuliisikia: "Ni cha kogo yangu, afande. Nilizaliwa nacho."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyechoka na jua. Akasema, "Basi kamwambie nyanya yako ndiye tuliyemkataa, si wewe." Watu wakacheka kidogo. Ukaokota viatu vyako ukatoka safuni.

Kutoka pale nilipokuwa hadi kwa yule afisa ilikuwa hatua kama ishirini. Nisingeweza kubadilisha alichoamua, kidole ni kidole. Lakini ningeweza kusema mbele yako ni cha nani. Nilikunja kofia yangu mkononi. Ulipofika ulinitazama ukauliza, "Baba, kogo hakuwa na kitu kingine cha kuniachia?"

Nikakununulia soda.

Tangu siku ile huitiki jina la Tapkigen. Nilikuwa nimeona kabla Rael hajaona. Nilijiambia ni hasira ya ujana, itapita. Ukweli ni kwamba ilinifaa. Mama yangu alikuwa anabeba lawama yangu tena, kimya kimya, jinsi alivyobeba kile kibuyu hadi uzioni na kukubali kuitwa mfanyakazi. Mara ya kwanza nilikuwa na miaka kumi na sita. Mara hii ya pili nina mvi.

Utasoma huko chuoni habari za mifupa. Pengine kitabu kitakwambia kuna watu ambao mguu wao una mwelekeo huo tangu kuzaliwa, na utafikiri labda baba anajilaumu bure. Usinitafutie mlango huo. Nauona, nimeshaujaribu, na mimi ni mnene hauniingizi. Mguu wako ulikuwa mzima. Ulipozaliwa niliuhesabu kidole kwa kidole, vilikuwa vimetawanyika hivyo hivyo kama vifaranga, na nakumbuka nilichohisi. Nilishtuka. Nilisema moyoni, hii ni miguu ya mama. Hiyo ndiyo ilikuwa miguu ya kogo uliyozaliwa nayo. Ndiyo niliyoibana.

Juu ya nguo sina mengi ya kukwambia. Wauguzi husimama mchana kutwa, kwa hiyo kiatu kinunue jioni, mguu ukiwa umeshavimba na kusema ukweli. Cha mtumba kikunje katikati kabla hujakilipia, na nguo ya mtumba ifue kwanza hata kama muuzaji ni rafiki, hasa kama ni rafiki. Vaa hema zako. Zinapitisha hewa, na ukiketi hazikukati tumbo. Zikipitwa na wakati usihuzunike, ziweke tu sandukuni, zitarudi. Ukitaka kuvaa za kubana, vaa pia, ni mwili wako na kulabu ni zako. Mimi sikuumia kwa sababu ya mtindo. Viatu vyangu vya harusi vilinitoa kucha, zikaota nyingine. Niliumia, nikakuumiza, kwa sababu kila nilipochagua kiatu nilikuwa namficha mtu. Nilimficha mama yangu ndani ya mguu wako. Kwa hiyo ukiona siku moja unasimama mbele ya kioo na nguo nzuri, na moyo haujatulia, usiulize kama imekupendeza. Uliza ni nani ambaye hutaki aonekane.

Nilimweleza mama yako yote haya kabla sijakaa kuandika. Alikuwa anakunja sweta yako. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena. Kisha akasema, "Nilikuwa najua viatu. Sikujua magazeti." Akaenda chumbani. Sijui kama kesho nitapewa chai.

Kesho asubuhi dada yangu atakuwa hapa kukusindikiza hadi steji, na atakuita kwa lile jina, kwa sababu ni mkaidi na kwa sababu lilikuwa la mama yake. Sikuombi uitike. Sikuombi hata unisamehe, ingawa sikatai ukinipa. Ninataka tu ujue unamnyima nani. Yeye hakukukosesha kitu. Alitembea njia yote ile akaleta maziwa, na mtoto aliyemletea akamkana, na bado alihakikisha kibuyu kimefika mkononi. Kama kuna chochote chako kilichotoka kwake, nadhani ni jinsi ulivyosimama wima mbele ya yule afande na kumtaja bila aibu mtu ambaye hukuwahi kumwona. Mimi niliyemwona nilishindwa.

Una hasira, na unayo haki nayo. Lakini kwa mwaka mzima umekuwa ukiipeleka kaburini Kipkelion, kwa mtu asiye na kosa na asiyeweza kujibu. Mwenye kosa yuko hai, mama, na simu yake itakuwa imewashwa.

Babako